Shahidi wa Usukani

Gari lilifika Tabata limebebwa na bredauni, bampa la mbele likining'inia na rejeta ikidondosha maji ya mwisho. Mwenye gari, mama anayeuza vitenge Kariakoo, alishuka akiwa na jibu tayari. Alimwambia fundi umeme mzee aliyempokea kwamba kilichomtia mtaroni ni sensa ya usukani. Imebadilishwa mara mbili, na mara zote mbili imekufa.

“Mara mbili?”

“Mara mbili, mzee wangu. Na pesa nimelipa.”

“Pole sana, mama. Hebu nieleze kitu. Kabla taa haijawaka mara ya kwanza kabisa, gari liliguswa wapi?”

Mama huyu nimemtunga. Makosa aliyofanyiwa sikuyatunga, ni ya kawaida mno katika gereji zetu, nami nimeyakusanya yote katika gari moja ili yaonekane yanavyozaana.

Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba hapakuguswa kitu cha maana. Gari lenyewe ni Toyota Vanguard aliyoiagiza Japani ikiwa imeshatumika, kama yalivyo mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam. Lilianza kugonga upande wa kushoto kila likipita kwenye mashimo. Fundi wa mtaani kwake akabadilisha tairodi endi, ile ncha ya fimbo inayoligeuza gurudumu usukani unapokatwa, kugonga kukaisha, akamshukuru. Siku chache baadaye ikawaka taa yenye picha ya gari linaloteleza, na pamoja nayo herufi tatu: VSC.

“Alaimenti mlipiga?”

“Fundi alisema hakuna haja. Alihesabu nyuzi.”

Kuhesabu nyuzi si jambo la kudharau. Fundi anahesabu mizunguko ya tairodi endi kuukuu inapofunguka, kisha anaifunga mpya kwa mizunguko ileile, ili gari liweze kutembea salama hadi kwenye mashine ya alaimenti, inayopima magurudumu yamenyooka kiasi gani. Kazi ya mbinu hiyo inaishia hapo. Tairodi endi mpya, hasa ikiwa ya kiwanda kingine, inaweza kuwa ndefu au fupi kuliko ya kwanza kwa milimita kadhaa, na milimita hizo zikifika kwenye usukani zinakuwa digrii nyingi. Dereva huzoea haraka. Anaushika usukani umelalia kushoto kidogo, gari linakwenda mbele, na baada ya muda haoni tena kama umelala. Kompyuta nayo inavumilia kiasi. Kikizidi kiasi hicho, inakataa.

Kinachokataliwa tukieleze vizuri, maana hapa ndipo pesa za mama zilipopotelea. Chini ya usukani, pale zilipo swichi za taa na waipa, inakaa sensa bapa iliyouzunguka mhimili. Ndani yake, kutegemea aliyeiunda, kuna kisahani chenye matundu kinachokatiza mwanga, au vigiya vidogo vyenye sumaku vinavyozunguka kwa mwendo usiolingana. Inaeleza jambo moja tu: usukani umezungushwa kiasi gani na upande upi. Maelezo hayo yanakwenda kwenye kompyuta ya breki, na kompyuta hiyo haimsikilizi shahidi mmoja. Inazisikiliza sensa nne za magurudumu, moja kila kona. Inasikiliza sensa nyingine, ambayo mara nyingi imefungwa sakafuni karibu na mkono wa gia, inayopima gari linavyojizungusha na linavyosukumwa ubavuni. Kisha inalinganisha. Dereva anataka kwenda kulia, je, gari kweli linageuka kulia kwa kiasi hicho? Kama haligeuki, linateleza. Papo hapo kompyuta inabana breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari lirudi kwenye njia aliyoitaka dereva.

Mfumo huu haukuzaliwa kwenye magari ya kawaida. Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1995 kwenye magari ya bei kubwa, na Toyota wakaweka wa kwao, ndio VSC, kwenye Crown Majesta mwaka huohuo. Huenda ungebaki huko kwa matajiri muda mrefu zaidi kama si aibu ya Oktoba 1997, pale jarida la Teknikens Värld la Sweden lilipoijaribu Mercedes A-Class, gari dogo jipya, kwa zoezi la kukwepa ghafla kana kwamba mnyama amekatiza barabara. Gari likapinduka. Mercedes wakasimamisha mauzo na kuyapa magari yote ya aina hiyo mfumo ambao hadi siku hiyo ulikuwa wa wenye nacho. Baadaye sheria zikafuata: Marekani iliulazimisha kwa magari mapya ya toleo la 2012, Umoja wa Ulaya ukamalizia na magari yote mapya Novemba 2014. Sisi tunayapokea magari hayo yakiwa na umri mkubwa, mfumo ukiwa ndani yake, na wengi tunajua habari zake siku taa inapowaka tu.

Rudi kwenye Vanguard. Barabara imenyooka, gari linakwenda mbele. Magurudumu ya kushoto na kulia yanasema tunazunguka sawasawa. Sensa ya sakafuni inasema gari halijizungushi. Sensa ya usukani inasema dereva amekata kushoto. Mashahidi wanapingana, na kompyuta, ambayo haina macho ya kutazama tairodi, inaandika kwenye kumbukumbu yake kodi C1290 na kuizima VSC isije ikabana breki kwa ushahidi usioaminika. Kwa Toyota kodi hiyo inahusu sufuri ya sensa ya usukani, yaani pale kompyuta inapopahesabu kuwa ni katikati hapako mahali pake.

Na sensa ilikuwa inasema kweli. Usukani ulikuwa umekatwa kushoto. Mwenye mikono yake juu ya usukani ndiye pekee ambaye hakuliona hilo.

Gereji ya kwanza ilikuwa ya kijana mwenye adabu, mchapakazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Taa hii inanisumbua.”

Alianza na kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi chini ya dashibodi, kinachosoma kwa simu. Hakikuonyesha tatizo. Vifaa vingi vya bei ya chini vinasoma kodi za injini peke yake, upande wa breki haviufikii, na kwa hiyo gari lenye taa nne za onyo linaweza kuonekana halina ugonjwa. Kijana hakukata tamaa, akaazima mashine kubwa kwa jirani. Mashine ikataja sensa ya usukani. Akasoma hapo, akaizima, akampigia simu muuza spea wake wa Gerezani.

“Mama, sensa imekufa. Ipo used ya Japani, safi kabisa.”

Ikafungwa, kodi ikafutwa, taa ikazimika, mama akalipa. Kabla hajafika nyumbani taa ikarudi. Lawama ikaangukia spea: za mtumba ni bahati nasibu, huenda hii nayo ilikuwa mbovu.

Hapo pana mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Kodi ikifutwa gari likiwa limesimama, taa itazimika karibu kila mara, hata kama ugonjwa uko palepale, kwa sababu kompyuta haiwezi kujua kama usukani umepinda mpaka gari litembee kwa kunyooka kwa muda iweze kuwalinganisha mashahidi wake. Fundi anayekabidhi funguo taa ilipozimika amekabidhi gari ambalo halijapimwa.

Muda huohuo, kati ya kufuta na kugundua upya, ndio ulikuwa wa hatari. VSC imewashwa, na inaamini kwamba katikati ni mahali ambapo si katikati. Mama alikumbuka siku moja akiteremka kwenye kona nyepesi, lami kavu, hana mwendo, gari likapiga kelele pi-pi-pi na kushikwa breki upande mmoja bila yeye kukanyaga. Aliogopa sana. Alipowasimulia mafundi, walisema ni dalili nyingine kwamba sensa ni mbovu.

Gereji ya pili ilikuwa na sakafu ya vigae na bei za kufanana nayo. Wao walifunga sensa mpya kabisa. Katika kuifunga waliung'oa usukani, na nyuma ya usukani ndipo ilipo spairo kebo, utepe wa nyaya uliosokotwa ndani ya kikopo bapa ili umeme wa eabagi, honi na vitufe uendelee kupita usukani ukizunguka. Utepe huo una mwisho. Kwa Toyota maelekezo ni kuuzungusha taratibu kinyume na saa mpaka ukaze, kisha kuurudisha mizunguko kama miwili na nusu hadi alama zikutane, magurudumu ya gari yakiwa yamenyooka. Aliyeufunga kwenye gari la mama hakujali alama. Utepe ulibaki karibu na mwisho wa upande mmoja, na mama alipokata usukani wote kuegesha gari sokoni ukakatika. Honi ikafa. Taa ya eabagi ikawaka na haikuzimika tena.

“Honi ni fyuzi tu hiyo, mama, tutaiangalia.”

Ukitaka kumjua fundi aliyesomea kazi ya usukani, mtazame kabla hajashika spana. Toyota wanaelekeza kutoa waya hasi wa betri na kungoja angalau sekunde 90, umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabagi uishe, ndipo mtu asogeze uso wake karibu na kile kifuko. Kwenye gereji ile betri haikuguswa. Hakuna aliyeumia, na kwa hiyo hakuna aliyejifunza.

Taa ya VSC ilirudi vilevile. Sasa zilikuwa mbili, na mama akachoka. Uchovu wa mteja ni hatua ya ugonjwa, nao una mafundi wake. Wa tatu hakujiita fundi wa sensa wala wa breki. Alijiita mtu wa kumaliza matatizo. Alichomoa fyuzi za ABS ili ile kelele na ile breki ya ajabu visirudi, na kwa kuwa kuchomoa fyuzi hizo kunawasha taa nyingine, alifungua dashibodi akaziba taa zote za onyo kwa selotepu nyeusi. Dashibodi ikawa nyeusi, tulivu, safi. Mama alifurahi. Katika mafundi wote watatu, huyo ndiye aliyempa alichokiomba.

Mtu akiomba taa izimwe, aulizwe kama anataka taa izimwe au gari litengenezwe. Najua swali hilo linafukuza wateja.

Halafu kukatokea msiba Iringa. Mama alikwenda, akazika, na siku ya kurudi mvua ilikuwa inanyesha tangu Ilula. Anayeijua barabara ile anaijua Kitonga: mteremko mkali, kona zilizojikunja, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, malori ya Zambia yakitambaa kwa gia ndogo. Baada ya kona alikuta lori limesimama. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Gari lenye ABS linaachia na kubana breki kwa haraka ili magurudumu yaendelee kuzunguka, kwa sababu gurudumu linalozunguka ndilo linaloweza kuongozwa. Fyuzi zilikuwa zimetolewa. Magurudumu ya mbele yakajifunga, gari likateleza juu ya maji, na mama akakata usukani kulikwepa lori bila gari kuitika hata kidogo. VSC, ambayo ingejaribu kuurudisha mwelekeo, ilikuwa haina umeme. Bahati yake ilikuwa mtaro wa upande wa mlima. Eabagi haikufunguka. Kwa mwendo ule pengine isingefunguka hata ikiwa nzima, lakini kwa utepe ule uliokatika ya dereva isingefunguka kwa mwendo wowote.

Yote haya mzee wa Tabata aliyapata kwa kuuliza, kabla hajashika mashine. Aliagiza kwanza mambo ya wazi yatengenezwe, rejeta, bampa, taa, na akaikagua miguu ya mbele kama haikupinda mtaroni. Hapo kulikuwa na ugumu. Gari likishaanguka, alaimenti yake haiwezi kutoa ushahidi wa siku za nyuma, kwani mtaro nao unaweza kuwa umeipindisha. Mzee hakutaka kuishutumu tairodi kwa kukisia, kwa kuwa kukisia ndiko kulikomfikisha mama hapo.

“Una picha yoyote ya dashibodi, mama? Ya zamani, kabla ya selotepu?”

Alikuwa nayo. Binti yake aliyekaa kiti cha pembeni aliipiga wakielekea Kibaha, wamtumie mjomba wake aone taa zilizowaka. Watu wote waliotumiwa picha ile walizitazama taa. Mzee aliikuza kwa vidole viwili akazipita taa, akatazama usukani. Nembo ya katikati ilikuwa imelalia kushoto waziwazi, na kupitia kioo cha mbele barabara ilinyooka mpaka mwisho wa upeo.

Akaingia chini ya gari na tochi. Nyuzi zilizobaki wazi kwenye tairodi ya kushoto hazikulingana na za kulia, na nati ya kushoto ilikuwa na kutu isiyo na mkwaruzo mpya, yaani haikusogea tangu ilipofungwa. Akamwita kijana wake aje aone.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mpangilio ambao gereji ya kwanza ingeweza kuufuata siku ya kwanza. Selotepu ikabanduliwa na fyuzi zikarudishwa, maana huwezi kumhoji shahidi uliyemfunga mdomo. Betri ikapimwa kabla ya kingine chochote: betri iliyochoka, ikishuka sana wakati wa kuwasha injini, inaweza kuzifanya kompyuta za gari ziandike kodi za kila aina, na mtu akazunguka mji mzima akitafuta sensa. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, mzee akaweka mita kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kupimia. Ikasoma karibu omu 60. Kwenye mstari wa mawasiliano wa CAN kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, na vikipimwa pamoja vinatoa 60. Ingesoma 120, maana yake mstari umekatika mahali fulani, na sensa nzima ingeonekana bubu kwa sababu ya waya tu.

“Hiyo ingetoa kodi nyingine,” alimwambia kijana wake. “U0126, kwamba sensa haisikiki. Asiyesikika na anayebishiwa si mtu mmoja.”

Kijana aliuliza kama wasingeweka tu sufuri upya, kwa kuunganisha pini mbili kwa kipande cha waya kama alivyoona kwenye video. Mzee alikasirika kidogo. Kwenye Toyota nyingi ipo njia kama hiyo ya kuweka sufuri za sensa, lakini ni kazi ya mwisho, baada ya gari kunyooshwa na kusimamishwa mahali tambarare. Ukiweka sufuri usukani ukiwa umepinda, umewafundisha mashahidi uwongo wakubaliane. Tena kwenye soketi hiyohiyo pini ya 16 ina umeme wa betri saa zote, na waya ukikosea tundu utakuwa umenunua kompyuta.

Alaimenti ilifanyika kwenye duka la matairi jirani. Usukani ulifungwa kwa kishikio ukiwa katikati, upepo wa matairi yote manne ukasawazishwa, ndipo tairodi zikarekebishwa mpaka magurudumu yakafuata usukani. Mpangilio huo ni wa lazima. Wapo wanaofanya kinyume: wanauacha mguu wa gari ulivyo, wanaung'oa usukani na kuusogeza jino moja ili nembo isimame wima. Kwa macho limepona. Lakini usukani utazunguka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, spairo kebo itakuwa imevutwa kando, na fundi atakayekuja baadaye atapoteza siku nzima kabla hajaelewa alichofanyiwa.

Ilibaki sensa. Mama alikuwa nazo zote, maana mfanyabiashara hatupi kitu alicholipia: ile ya kiwandani na ile used zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye buti, na mpya ilikuwa kwenye gari. Mzee akafunga spairo kebo nyingine kwa kufuata alama, na pamoja nayo akairudisha sensa ya kwanza kabisa, ile iliyotangazwa kufa.

Akawasha mashine, akaacha ukurasa wa kodi na kufungua ule wa takwimu zinazotembea. Akauzungusha usukani polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, macho kwenye namba. Sensa iliyokufa kweli hujitambulisha hapo: namba inaruka, inaganda mahali pamoja wakati mkono bado unazunguka, au inapotea kabisa. Hii ilipanda na kushuka bila kukwama, na ilipofika mwisho wa kushoto ilitoa takribani namba ileile iliyotoa mwisho wa kulia. Baada ya kufuta kodi wakalitoa gari barabarani, kijana akiwa na mashine mapajani. Kwenye kipande kilichonyooka namba ilicheza karibu na sufuri. Wakaenda mbali zaidi, wakageuza, wakarudi, wakapita kona kavu kwa mwendo wa kawaida. Taa haikuwaka, breki haikushika. Honi ilipigwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Si kila taa ya VSC ina kisa kama hiki, na mzee alilisema hilo kwa mama alipokuwa analipa. Kwenye Toyota nyingi za rika lake, injini ikiandika hitilafu yake, VSC nayo huzimwa na taa yake kuwaka, usukani ukiwa hauna kosa lolote. Sensa moja ya gurudumu iliyojaa matope inatosha. Fundi wa redio aliyefungua sehemu ya katikati akaacha boliti ya sensa ya sakafuni ikiwa legevu, anatosha. Na mtu akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito, huyo anaongelea sensa nyingine kabisa, inayopima nguvu ya mkono kwa ajili ya mota ya usukani, ingawa dukani zote mbili huitwa sensa ya usukani na mara nyingine huuzwa moja badala ya nyingine.

Bei ya alaimenti ilikuwa ndogo kuliko ya sensa ya mtumba. Mama alilipiga hesabu hilo mwenyewe, kwa sauti, na maneno mengine ambayo gazeti haliyachapishi.

Wiki iliyofuata alipita gereji ya kwanza. Hakwenda kugomba, au ndivyo alivyosema. Alimkuta yule kijana, akampa ile sensa used, akamwomba aifungue kumbukumbu ya siku ile kwenye mashine ya jirani. Ilikuwa bado imo. Kijana akaisoma kwa sauti mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, akasimama alipokuwa amesimama siku ile.

“Endelea, mwanangu. Kuna mstari wa chini.”

Akasogeza kioo kwa kidole. Mstari wa pili ulitaja sufuri. Akausoma tena bila sauti, akabonyeza kitufe cha maelezo ambacho hakuwahi kukibonyeza, na katika sehemu za kukagua akaliona neno alaimenti.

“Hapa sikufika, mama,” alisema. Halafu, baada ya kuigeuzageuza ile sensa mkononi: “Huyo mzee wa Tabata, anapokea vijana wa kujifunza?”